Wacha Kulisha Kima kwa Sababu ya Vidio

Unaijua hii vidio. Mkono umetoka kwa dirisha la jikoni, umeshika ndizi. Kima anashuka kwa ukuta polepole, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, ananyakua. Mwenye simu anacheka, muziki unaingia, na kwa komenti watu wamejaa. "Awww, ameshukuru." "Huyu ni msee wa mtaa." "Nipe lokesheni nikuje na mbogi."

Hajashukuru. Naijua hiyo vidio kwa sababu nimeitengeneza. Yangu ilitazamwa mara laki tatu na kitu, na mpaka wa leo hakuna kitu nimewahi kuposti kikafika hapo. Kwa hivyo kabla mtu aandike hapo chini ati nina wivu, jua naongea nikiwa mshtakiwa.

Anti yangu anaishi kwa esteti moja iliyopakana na msitu wa Karura. Mimi naishi orofa ya tano, mahali mnyama wa porini wa karibu ni mwewe anayezunguka juu ya kamba za nguo akitafuta mtu aliyebeba smokie. Likizo ikifika naenda kwa Anti, na uani kwake, manze, kuna kila kitu. Kuna kwarara, wale ndege wa mdomo mrefu wanaopiga kelele saa kumi na mbili asubuhi kama mtu ameibiwa simu kwa matatu. Kuna vinyonga kwa kayaba. Usiku kuna komba, ambaye analia kama mtoto mchanga aliyeachwa nje, na usiku wa kwanza niliamsha Anti twende tumwokoe huyo mtoto. Alinicheka mpaka akaketi chini.

Na kuna kima. Dume mkubwa wa hilo kundi tulimpa jina Mheshimiwa, kwa sababu anakuja kwa wakati wake, anakula vya watu, anaenda bila kusema asante.

(Tafadhali tusimame hapa kidogo. Si nyani. Kila mtu Nairobi akiona kitu chenye mkia anapiga nduru "nyani!" Nyani ni yule mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa, unayemuona ameketi kando ya barabara ya Naivasha akingoja gari litupe mahindi. Kima ni huyu wa kijivu kikolevu mwenye kola nyeupe shingoni. Tumbili ni mdogo zaidi, manyoya hafifu, uso mweusi. Mbega ni mweusi na mweupe, mkia kama fagio. Ukitaka kumpiga mtu picha, angalau jua jina lake.)

Siku ya kwanza Mheshimiwa alikuwa juu ya mparachichi na simu yangu ukivuta picha inageuka uji. Nikaweka ndizi juu ya ukuta. Akaja nikiwa ndani. Siku ya pili nikaisogeza, nikaiweka karibu na tangi. Siku ya tatu, dirishani. Siku ya nne mkononi, na nikapata vidio yangu. Siku nne tu nilimfundisha mnyama wa porini kwamba dirisha la binadamu ni kibanda cha chakula na hakina mwenyewe.

Soja wa geti, mzee wa makamo ambaye ameona hiyo esteti ikijengwa, aliniona siku ya tatu akaniambia, "Kijana, huyo unamzoesha vibaya." Nikamjibu, "Mzee, ni vidio tu." Akatikisa kichwa akarudi kwa geti. Sijui kwa nini sikumwuliza anamaanisha nini. Najua. Nilikuwa naangalia idadi ya laiki.

Likizo ikaisha nikarudi zangu. Mheshimiwa hakuwa amesikia kwamba likizo imeisha. Alikuja dirishani na hakukuta ndizi, akaingia. Nyuma yake wakaingia majike na watoto. Unga ukamwagwa, mkate ukaenda, na dada anayemsaidia Anti kazi ndiye aliyesafisha kila siku, na ndiye aliyeulizwa kwa nini aliacha dirisha wazi. Jirani ambaye hakuwahi kulisha chochote akaingiliwa mara mbili. Halafu wakagundua kibanda cha mama mboga kwa geti.

Huyo mama hununua ndizi na papai sokoni alfajiri, analipa mkokoteni, analipa nafasi. Siku moja alipoteza ndizi kumi na moja kabla ya saa nne. Nilipoenda kumsalimia baadaye, alizitaja moja moja kwa vidole, na akaniambia bila hasira yoyote, "Na wewe kijana wangu, si nasikia ulilipwa na TikTok?" Sikuwa nimelipwa hata ndururu. Lakini ungemwambiaje?

Mtoto wake wa miaka sita alikuwa ameketi hapo na mandazi. Mheshimiwa aliona mandazi, akanyoosha mkono venye alizoea, na mtoto akavuta. Hapo ndipo akaumwa, kwa kiganja, meno yakaingia.

Kama hujui, wacha niseme, kwa sababu hii ndiyo sehemu huwa haifiki kwa vidio. Ukiumwa au ukikwaruzwa na mnyama wa porini, unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na unaenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, kwa hivyo hakuna daktari anayecheza kamari na hilo. Na chanjo si sindano moja. Ni msururu, unarudi na kurudi. Kila kurudi ni nauli, na ni siku kibanda kimefungwa.

Kamati ya esteti ikakutana. Kukatumwa ujumbe mkali kwa WhatsApp. Wengine wakasema walipigie shirika la wanyamapori, wengine wakasema walishapiga. Kabla hayo mambo yaende popote, asubuhi moja soja alimpata Mheshimiwa chini ya mparachichi, povu mdomoni, na kando yake maganda ya ndizi. Mtu alitia sumu kwa ndizi. Hakuna aliyesema ni nani na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Majike wawili pia walikufa, mmoja akiwa na mtoto kifuani. Anti alinitumia picha moja halafu akaifuta, lakini nilikuwa nimeshaiona.

Sasa nyinyi mnaonitumia vidio zenu mkisema "bro umenihamasisha", nawaomba mnisikize.

Kima dume mzima ana chonge ndefu na kali. Ile "anacheka" mnayoweka kwa maandishi juu ya vidio, midomo ikiwa imevutwa nyuma na meno yote nje, si kicheko. Anaogopa au anakuonya. Kumkazia macho pia, kwa kima, ni ugomvi. Halafu wewe unamsogezea kamera, jicho kubwa jeusi lisilopepesa, sentimita 30 kutoka usoni. Anavumilia kwa sababu ya ndizi. Siku hakuna ndizi, uvumilivu nao haupo.

Kitu kinachomlinda kima mjini ni woga. Ndio ukweli. Akikuona anapanda juu, wewe unabaki chini, kila mtu anaendelea na maisha yake, na mnaweza kuishi hivyo miaka hamsini bila kesi. Ukimlisha unamwondolea woga wa binadamu wote, si wako peke yako. Hawezi kutofautisha mkono wenye simu na mkono wenye panga.

Najua majibu yenu kwa sababu niliyatumia yote.

"Lakini wana njaa." Kima anakula matunda ya msitu, majani, maua, wadudu. Karura ni zaidi ya hekta 1,000 za chakula, na ipo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 ili isigeuzwe nyumba. Hawakuja kwa dirisha lako kwa njaa. Walikuja kwa sababu ndizi ya supamaketi ni tamu kuliko tunda la mwituni na haihitaji kutafutwa. Hata wewe ungekuja.

"Ni ndizi moja tu." Yako ni moja. Esteti ina nyumba arobaini na kila moja ina kijana kama wewe.

"Wao ndio walikuwa hapa kwanza." Ndiyo. Na kama unaamini hivyo kweli, mbona unawageuza ombaomba?

"Si wachukuliwe tu wapelekwe mbali?" Hii niliiamini sana. Kundi la kima lina eneo lake, na kule "mbali" kuna kundi lingine lenye eneo lake. Ukimtupa mgeni huko anapigwa. Na hapa ulipomtoa, dirisha likiwa bado wazi na pipa la taka bado halina kifuniko, wataingia wengine. Hujatatua kitu, umehamisha maiti.

Halafu kuna hii kubwa, ambayo niliandikiwa na watu watatu wiki hii: "Mbona Giraffe Manor wanalisha twiga kwa dirisha na dunia nzima inapiga makofi?" Swali zuri. Wale twiga wako ndani ya eneo lililozungushiwa ua kule Lang'ata, ni mradi ulioanza miaka ya 1970 kuokoa aina moja ya twiga waliokuwa wanaisha, wanapewa chakula chao maalum, na kuna watu wameajiriwa kuwaangalia kila siku. Hata hivyo ukienda pale kituo cha twiga utaambiwa ujihadhari, kwa sababu twiga akikasirika anakupiga kichwa na hiyo kichwa si mto. Lakini nakubaliana na wewe kwa jambo moja: ile picha ya twiga akila mkate mezani imetuharibu akili. Imetufundisha kwamba mnyama akiingiza kichwa ndani ya nyumba, hiyo ndiyo hali ya juu kabisa ya maisha. Bei ya usiku mmoja pale ni kodi yako ya miezi kadhaa, kwa hivyo tukaamua tutengeneze yetu ya bei rahisi na kima wa bure. Tofauti ni kwamba wao, jambo likiharibika, kuna mtu kazi yake ni kulishughulikia. Kwa Anti aliyeshughulikia alikuwa mtu na sumu.

Na usidhani ni kima peke yake. Mbuga ya Nairobi iko tangu 1946, ina kilomita za mraba 117, na ukuta wake una pande tatu. Upande wa kusini uko wazi ili wanyama wapite kwenda Kitengela na Kajiado, venye wamekuwa wakipita kabla hakujakuwa na Nairobi. Tarehe 30 Machi 2016 simba mmoja maarufu, Mohawk, alipatikana Isinya mchana peupe. Tafuta vidio za siku hiyo, bado ziko. Usiangalie simba, angalia watu. Wamejaa. Kila mtu anataka kuwa karibu kidogo kuliko jirani yake. Simba aliyezingirwa hivyo alimjeruhi mtu mmoja, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Wote tulilia mtandaoni, tukaweka picha yake kama profaili, tukalaani askari. Sijaona mtu hata mmoja aliyelaani umati, na nadhani ni kwa sababu sisi ndio umati.

Watu wa Rongai na Kitengela hawahitaji kuelezwa haya. Mwaka 2012 wanakijiji waliua simba sita Kitengela baada ya mbuzi kuliwa, na Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba kando ya hiyo mbuga. Wao wakisikia kitu nje usiku hawatoki na simu. Sisi wa orofani ndio tunawaandikia "mna bahati sana kuishi karibu na maumbile."

Hebu pia tuongee kuhusu usiku, kwa sababu sai kuna mtindo wa kuvizia komba na bundi na tochi. Macho yao yametengenezwa kwa giza. Yale macho makubwa ya komba unayoyapenda ndiyo unayoyamulika na mwanga wa simu uso kwa uso, halafu unashangaa mbona ameganda kwa tawi. Hajapozi. Haoni. Anatakiwa kuruka kwenda tawi lingine na haoni. Na ukimpata ukamweka ndani umwite "komba wangu", sheria ya wanyamapori ya 2013 haikubaliani na wewe. Mnyama wa porini hafugwi bila kibali.

Bundi ndiye ananiuma zaidi. Unajua nchi unayoishi. Unajua nyumba ngapi bado zinaamini bundi akilia kwa mti mtu atakufa hapo. Halafu unaposti "tuna bundi kwa mti wetu 😍" na jina la mtaa limeandikwa, na kwa kundi la WhatsApp la mtaa kuna mtu tayari anatafuta mawe. Kama una bundi, nyamaza na bundi wako. Piga picha, weka, posti baada ya miezi sita, bila mahali. Hata app kama iNaturalist, ambayo kazi yake yote ni kurekodi mahali wanyama wameonekana, inaficha mahali penyewe kwa viumbe walio hatarini.

Sisemi msipige picha. Mimi bado napiga, na naona watoto wa Nairobi kupiga picha za vitu vilivyo uani kwao ni kitu poa kuliko nusu ya vitu tunavyofanya na simu. Kule Diani wale watu wa Colobus Conservation wamefunga ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa, na ukisimama chini mahali panapofaa unapata picha ya mbega amebeba mtoto mweupe pepepe akivuka juu ya matatu. Hakuna aliyemlisha. Anaenda zake.

Likizo iliyopita nilirudi kwa Anti. Nilikuwa naona aibu kupita kwa geti lakini nilipita. Niliketi ndani, taa imezimwa, dirisha limefungwa, simu imeegemezwa kwa kikombe, na nikarekodi kwarara wawili wakitembea kwa nyasi baada ya mvua. Wanaingiza ule mdomo mrefu ardhini kama sindano ya daktari, wanasimama, unaona shingo imetulia kabisa, halafu wanachomoa mnyoo mrefu na kuutikisa. Dakika 40. Wakati mmoja alikuja karibu na dirisha hadi nikaona ile rangi ya bawa ambayo kutoka mbali ni kahawia tu. Kwa jua la asubuhi ni kijani na zambarau kama mafuta juu ya maji. Nilikuwa nimeishi na hiyo kelele yao tangu nizaliwe na sikuwa nimewahi kujua.

Iliangaliwa na watu 412. Noma, lakini sawa. Watu wawili waliuliza maswali ya maana, na mmoja akanielekeza kwa matembezi ya ndege ya Nature Kenya, Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Nairobi, ambayo yamekuwepo miaka mingi kuliko umri wangu na sikuwahi kuyasikia.

Kima walionekana siku moja tu, mbali, juu ya miti ya msitu. Watano. Waliniona nikisogeza pazia wakatoweka, na nilifurahi sana.

Mtoto wa mama mboga mkono umepona, alama ipo. Mamake aliniruhusu niandike hii lakini akaniambia nisimpige mtoto picha, na sikumpiga.

Ile vidio yangu nimeifuta. Shida ni kwamba kurasa tatu ziliidaka kabla sijaifuta, na moja imebandika nembo yake juu ya uso wa Mheshimiwa na kuandika "kima mwenye heshima." Ukikutana nayo usiiweke laiki, usimtumie rafiki, iripoti. Mwenye huo ukurasa nimemwandikia mara tatu na ananiacha hewani. Buda, najua huwa unasoma hapa. Iondoe.